Daftari Hili Litaongea na Nani?
Barua ya wazi kwa chuo chetu cha Sapiwi

Kwa Uongozi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Kampasi ya Simiyu,
Kwa wahadhiri mnaosimamia mafunzo kwa vitendo,
Na kwa wanafunzi wenzangu, hasa mnaofunga mabegi.

YAH: OMBI LA WANAFUNZI KUFANYIA FILDI KWENYE MIZANI YA PAMBA



Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua ya ombi huwa na mistari mitano, ikapelekwa masijala, ikagongwa muhuri, ikalala kwenye trei. Hii nimeiacha wazi kwa sababu ombi lililomo si langu peke yangu. Wamo kina mama kumi na tisa wa kikundi cha hisa. Yumo mzee mmoja wa pamba niliyemkosea. Wamo pia wadogo zetu watakaokuja mwaka mpya wa masomo bila kujua tofauti ya mwangaluka na mwadila.

Nianze na hiyo mwangaluka. Mimi ni binti wa Mbagala. Kabla ya kuja Simiyu, pamba niliijua ikiwa kwenye pakiti ya duka la dawa. Nilishuka Bariadi mjini na begi la magurudumu, na nilipofika huku mvua ikawa imenyesha. Magurudumu yakabeba udongo mweusi wa mbuga mpaka yakagoma kuzunguka, nikalibeba begi kichwani kama mzigo wa kuni. Mama aliyenipangisha chumba alinitazama, akaleta maji ya kunawa miguu, na kabla hata ya kuniambia kodi akaniuliza: "Unasomea nini?" Nikasema uhasibu. Akasema, "Basi Jumamosi utakuja kwenye kikundi chetu. Mwandishi wetu ameolewa Mwanza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Hapakuwa na mradi, hapakuwa na mfadhili, hapakuwa na fulana. Mwandishi aliolewa Mwanza, basi.

Jumamosi nikaenda, saa kumi jioni, chini ya mwarobaini. Asubuhi ile mama mwenye nyumba alikuwa amenifundisha salamu ya Kisukuma, nami nikaitoa kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi: "Mwangaluka!" Wakacheka mpaka mmoja akashika kanga yake isidondoke. "Mwanangu," akasema, "huko kwenu ndiyo kunakucha?" Mwangaluka ni ya asubuhi, jioni ni mwadila. Nikakaa mkekani nikiwa nimeshachekwa, na nadhani hilo ndilo lililonipa nafasi. Mgeni aliyechekwa haogopwi tena.

Sasa nieleze nilichofanya, kwa sababu nilikosea, na kosa lenyewe ndilo msingi wa barua hii.

Kikundi kina sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne asiye na ufunguo wowote. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kwa mkutano mmoja hakuna anayeruhusiwa kununua zaidi ya hisa tano, hata awe na duka. Pesa zinahesabiwa mbele ya watu na wahesabuji wawili, kwenye beseni. Mkutano ukiisha, mwenyekiti anataja kiasi kilichobaki sandukuni, na wote wanakirudia kwa sauti. Juma linalofuata, kabla kufuli halijafunguliwa, anauliza: "Tuliacha shilingi ngapi?" Wanajibu kwa pamoja. Ndipo sanduku linafunguliwa, na pesa inahesabiwa kuona kama inakubaliana na vichwa.

Mimi niliona upungufu. Nikajiambia, hawa hawana vitabu. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu pale steshenari, nikalichora kwa rula, debiti kushoto, krediti kulia, kila muamala ukiingia mara mbili kama tulivyofundishwa. Nikalitunza kwa Jumamosi tatu. Urari ukakaa sawasawa mpaka senti. Nililiona zuri kiasi cha kulipiga picha.

Jumamosi ya nne, bibi mmoja ambaye hajui kusoma, ndiye mwenye ufunguo wa pili, akaniomba nimpe lile daftari. Akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akafungua katikati, akaangalia mistari yangu myekundu. Kisha akaniuliza bila ukali wowote: "Mwanangu, siku ukienda kwenu, daftari hili litaongea na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechukua hesabu iliyokuwa kwenye vichwa vya watu kumi na tisa, nikaihamishia kwenye kichwa kimoja, changu, tena nikaona nimewasaidia. Kabla sijaja, mtu akitaka kuiba angehitaji kuwapumbaza watu wote. Baada ya kuja kwangu angehitaji kunipumbaza mimi tu, au kunihonga mimi tu.

Wenzangu wa uhasibu, mnakumbuka somo la udhibiti wa ndani? Anayetunza fedha asiwe anayeandika. Anayeidhinisha asiwe anayelipa. Nililikariri usiku kucha na nikafaulu. Kumbe kila Jumamosi nilikuwa nakaa mbele ya somo hilo likiwa limetengenezwa kwa chuma na funguo tatu, sikulitambua kwa sababu halikuwa limeandikwa kwa Kiingereza.

Tulianza upya. Safari hii waliongoza wao. Kila mwanachama akapata kijitabu, na kila hisa ni muhuri mmoja. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kama anavyohesabu mbuzi. Daftari kubwa likabaki, lakini lina namba tatu tu kwa kila mkutano: kilichokuwemo, kilichoingia, kilichotoka. Wanasoma wawili, mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wanasikiliza kama zinalingana. Kurudia kiasi kwa sauti hatukukugusa. Kikundi hicho baadaye kiliandika katiba yake ili kisajiliwe na kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, zile nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Katiba ile tuliibishania kwa miezi miwili, kifungu kwa kifungu. Kifungu kilichochukua muda mrefu kuliko vyote kilihusu mwanachama anayefiwa siku ya rejesho. Vitabu vyangu vya kozi havina kifungu hicho.

Sasa niwapeleke kwenye mizani.

Mnajua kalenda yetu ilivyo. Tunaanza masomo wakati mkulima anatayarisha shamba la pamba. Yeye anapalilia, sisi tuna mitihani ya muhula wa kwanza. Mei au Juni msimu wa ununuzi unafunguliwa, vituo vinafufuka, baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe inajaa barabarani ikiwa imebeba vilima vyeupe. Julai sisi tunamaliza mitihani na kupanda mabasi. Yaani katika mkoa unaoongoza nchi nzima kwa pamba, chuo cha fedha kinafunga mabegi wakati ule ule ambao fedha inaonekana kijijini. Tunakimbilia Dar es Salaam na Mwanza kutafuta fildi, na wengi wetu tunaishia kupanga mafaili na kuchemsha chai ya ofisi ya watu.

Mimi mwaka jana nilichelewa kupata barua ya kukubaliwa mjini. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Si ukae hapa?" Akanipeleka kwenye kituo kimoja cha kununulia pamba, ambacho sitakitaja, na kwa ruhusa ya viongozi wa chama cha msingi nikakaa pembeni ya karani nikiandika stakabadhi. Karani anapima, anataja kilo, anaandika kwenye daftari la kutwa. Mimi naandika stakabadhi ya mkulima. Vumbi la pamba linaingia puani mpaka ukipiga chafya unatoa nyuzi. Mtu anashusha mzigo alioulea kwa miezi sita, unaning'inizwa kwenye ndoano, sindano inacheza, inatulia, na mzigo unashushwa kabla hujamaliza kumeza mate. Miezi sita inageuka namba kwa muda wa kumeza mate.

Siku ya tisa, jioni, tulipojumlisha, daftari la kutwa na stakabadhi zangu havikukubaliana. Stakabadhi zilizidi kwa kilo 18. Karani alikuwa mchovu, akasema tutatafuta kesho. Mimi nikabaki na taa ya simu. Na hapo, wahadhiri wangu, nikawakumbuka. Mlitufundisha kuwa tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, usianze kulaumu watu. Tafuta kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Kumi na nane kwa tisa ni mbili. Nikaanza kupekua nikitafuta namba ambayo tarakimu zake zinatofautiana kwa mbili. Stakabadhi ya ishirini na kitu nikaikuta: mzigo wa mzee mmoja, kwenye daftari kilo 46, kwenye stakabadhi kilo 64. Mwandiko ulikuwa wangu.

Sijawahi kuifurahia kanuni ya darasani kama nilivyoifurahia usiku ule, na sijawahi kuichukia kesho yake kama nilivyoichukia. Kwa sababu kesho yake ilibidi niazime baiskeli, niende kwa mzee, nimwambie kwamba kilo 18 alizodhani anazo hana. Kwa bei ya msimu ule, shilingi 1,150 kwa kilo, ilikuwa shilingi 20,700. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikamsalimia, safari hii salamu ya saa sahihi, nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua." Nikadhani sikusikia vizuri. "Mzigo niliufunga mwenyewe na kuubeba mwenyewe," akasema. "Sitini na nne singeuinua. Nikajua labda kilo za chuo ni ndogo kuliko zetu." Akacheka. Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Akaacha kuchonga. "Tumezoea, mwanangu. Karani akinipunja nanyamaza, akinizidishia nanyamaza. Daftari si langu."

Halafu akamwita mjukuu wake aniletee matobolwa ya viazi vitamu, nikala nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na nikarudi na kubadilisha stakabadhi.

Wakubwa zangu, maneno yale matatu, daftari si langu, ndiyo sababu ya barua hii. Yule bibi wa ufunguo wa pili aliniuliza daftari litaongea na nani. Huyu mzee akanionyesha linavyokuwa daftari lisiloongea na mwenye mali. Anaweza kuwa na haki na akanyamaza, anaweza kuwa na ziada isiyo yake na akanyamaza vilevile, kwa sababu kwake namba ni hali ya hewa: inakuja, inapita, hana la kuifanya. Hesabu ndogo tu. Kilo 2 zikipotea kwenye kila mzigo wa kilo 50, mtu mwenye kilo 600 amepoteza kilo 24, yaani shilingi 27,600 kwa bei ile ile, na hakuna mwizi aliyeonekana. Inaweza kuwa hila, inaweza kuwa sindano iliyochoka, inaweza kuwa binti wa Mbagala aliyechoka. Siku hizi mizani ya kidijitali imeanza kuenea, nayo ni heri. Lakini namba inayong'aa kwenye kioo bado inahitaji mtu mwenye haki ya kuiuliza.

Watu huniuliza chuo cha fedha kimefuata nini kwenye mashamba ya pamba. Makao yetu ni Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa. Tulianzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1972. Tumefuata nini Sapiwi? Mimi nasema tumerudi nyumbani. Enzi za mkoloni mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake, mnunuzi akapima, mnunuzi akasoma, mnunuzi akalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa kanda hii wakachangishana na kuweka watu wao wa kusimama kwenye vituo na kuhakiki mizani. Katika vuguvugu hilo la ushirika ndimo alimopanda Paul Bomani, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Mwaka 1962 Bomani huyo akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Kwa hiyo safari ya kutoka kwenye mizani ya pamba hadi hazina ya taifa imeshatembewa. Naomba tuitembee kwa kurudi.

Historia iliyofuata mnaijua kuliko mimi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, miaka ya 1980 vikarudi, miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, mwaka 2018 ununuzi ukapitishwa tena kwenye vyama vya msingi, hizi AMCOS za leo. Wenye daftari wamebadilika mara nyingi. Mkulima amebaki upande uleule wa mizani.

Naomba mambo matatu.

La kwanza, fildi ihesabike hapa. Mwanafunzi atakayetaka kufanyia mafunzo yake kwenye chama cha msingi, kwenye kikundi cha hisa au kwenye ofisi ya kijiji, apewe barua, apewe msimamizi, na alama zake ziwe sawa na za aliyekwenda benki. Na kuanzia msimu unapofunguliwa, Jumamosi zetu zitambuliwe. Kukaa kwenye mizani siku kumi kumenifundisha ulinganishi wa hesabu kuliko mihula miwili, na nasema hivyo nikiwapenda walionifundisha mihula hiyo, maana bila ile kanuni ya tisa ningelala nikimshuku karani.

La pili, tupeane zamu. Sisi wanafunzi tuna huduma yetu tunayoipenda, na hapa najisema mimi pia: fulana mpya, mifagio, kutwa moja ya usafi, boksi la sabuni, picha ya pamoja, kwaheri. Sikatai usafi. Lakini kwenda mara moja kunamfaa zaidi aliyekwenda kuliko aliyefuatwa. Ningetaka kila kikundi kiwe na wanafunzi wawili, mmoja wa mwaka wa juu na mmoja mpya, ili wa juu akiondoka asibebe kichwani mwake kitu ambacho kikundi kinakihitaji. Wasukuma hawajaanza leo kufanya kazi kwa pamoja. Nzengo, yaani jumuiya ya majirani, inamjua asiyetokea siku ya kazi, na sisi tunaoishi kwenye nyumba za nzengo tusifikiri hatuhesabiwi.

La tatu, na hili ndilo ninalolililia. Ripoti za fildi tunaziandika kwa Kiingereza, tunazijalidi, tunazikabidhi, zinapangwa kabatini. Naomba kila ripoti inayohusu kijiji iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mwanafunzi ausome kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji kabla hajapewa alama. Tuliona nini, tumeandika nini kuhusu ninyi, namba zenu zinasemaje. Wasimame watu wauulize ukurasa ule. Mkaguzi wa kwanza wa ripoti yangu awe yule bibi.

Najua majibu yanayokuja. Mtasema taifa hili lilishajaribu kumpeleka msomi kijijini kwa lazima. Ni kweli. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka uliofuata tukapata Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Sitaki kurudi kwenye lazima. Mtu aliyelazimishwa kusimama kwenye mizani ataandika 64 na hatapanda baiskeli kesho yake. Naomba tu mlango ufunguliwe, anayetaka apite asipoteze alama.

Mtasema pia usalama, hasa wetu mabinti, na kwamba vyama havina ofisi za kutupokea. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nimesema wawili wawili, kwa barua, na msimamizi anayekuja kuona. Na mtasema wazazi. Baba yangu aliuliza kwenye simu, "Yaani nimekusomesha ukapime pamba?" Nikamsimulia habari ya kilo 18. Akanyamaza kidogo. Yeye ni fundi cherehani, maisha yake yote amekuwa mtu wa futi na mkasi. Akasema, "Basi hakikisha unapima vizuri."

Wenzangu mnaofunga mabegi, kwenu nina neno fupi. Msije mkidhani mtakuwa wema. Mama mwenye nyumba wangu hakuniita kikundini kwa sababu nina moyo mzuri. Aliniita kwa sababu mwandishi ameolewa. Kuna kazi, inahitaji mtu. Kinachonoga ndicho hicho. Sijapata mahali pengine ambapo nimekosea mbele ya watu, nikasahihishwa, na Jumamosi iliyofuata nikawekewa nafasi yangu kwenye mkeka. Siku ya mgao, sanduku lilipofunguliwa na kila mtu akapata chake kulingana na mihuri yake, yule bibi alihesabu mihuri yake kwa kidole, akahesabu noti zake, akanitazama, akafunga kijitabu. "Mwabeja," akasema. Sikuwa nimemsaidia kuhesabu. Nadhani hicho ndicho alichokuwa ananishukuru.

Kwa sasa namba tatu za kila mkutano zinasomwa na mabinti wawili wa palepale, mmoja ni mjukuu wa bibi. Jumamosi iliyopita mwenyekiti alipouliza tuliacha shilingi ngapi, wote walijibu, mimi nikachelewa. Waligeuka wakanitazama kama mnavyomtazama mwanafunzi asiyesoma.

Nawaombeni majibu kabla msimu haujafunguliwa. Na kama haitakuwa usumbufu, majibu yawe kwa Kiswahili, yasiwe marefu. Nimeshaahidi kuyasoma kwa sauti chini ya mwarobaini, na watakuwa na maswali.

Wenu katika kujenga taifa,

Mwanafunzi wa uhasibu,
Sapiwi, Bariadi.

Nakala: Kikundi cha hisa, kupitia kwa mwenye ufunguo wa pili.